DAMU MPYA: HABARI ZA KUPANDIKIZWA UBOHO, NA IMANI YA MKRISTO KATIKA MARADHI HAYO



Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya maradhi ya saratani, na hasa habari ya dawa moja kubwa ambayo wengi wameisikia kwa jina tu, nayo ni kupandikizwa uboho. Waalimu kadhaa wametuuliza, "Je, Mkristo akiambiwa na daktari kwamba hana budi kupandikizwa uboho, akubali? Na mtu aliyekwisha kuombewa, akienda tena hospitali, je, haonyeshi kwamba hakuamini?" Maswali haya si ya kuchezea, maana wako watu waliokufa kwa sababu walijibiwa vibaya. Basi tutaeleza kwanza kazi yenyewe jinsi ilivyo, kwa kuwa mtu asiyelijua jambo hafai kulihukumu. Kisha tutasimulia habari za bibi mmoja wa Marekani aliyepita katika njia hiyo pamoja na imani yake. Mwisho tutajibu maswali yenu.

Uboho na kazi yake

Kila aliyechinja ng'ombe ameuona uboho, kile kitu laini kilicho ndani ya mfupa, ambacho watoto hugombania kukifyonza. Katika mwili wa mwanadamu uboho si mafuta tu, ni mahali damu inapozaliwa. Ndani yake mna chembe ndogo sana, zisizoonekana ila kwa hadubini, ziitwazo seli shina. Hizo ni kama shina la mgomba lililo chini ya ardhi: migomba hukatwa na kuanguka, lakini shina likiwa zima, machipukizi hutoka siku zote. Katika seli shina hizo hutoka chembe nyekundu zichukuazo hewa mwilini, na chembe nyeupe zipiganazo na maradhi, na chembe nyingine zizibazo jeraha damu isitoke bila kukoma.

Sasa ziko saratani zinazoingia katika damu na uboho wenyewe. Moja huitwa lukemia, nyingine mieloma. Na iko limfoma, ambayo huanza katika chembe nyeupe, mara nyingi kwenye tezi. Madaktari wanazo dawa kali za kuziua, lakini dawa hizo zikizidishwa kipimo huua na uboho ulio mwema pia. Hapo daktari hufanana na mkulima ambaye magugu yameshika shamba lake lote. Akiling'olea moja moja hatamaliza; akichoma shamba zima, na mazao yatateketea. Afanyeje? Huweka mbegu njema ghalani kwanza, ndipo achome, kisha apande upya. Hiyo ndiyo kazi ya kupandikiza uboho, na mtu akiufahamu mfano huu ameyafahamu mengine yote.

Mbegu hizo hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza, mgonjwa huwekewa mbegu zake mwenyewe. Hii hutumika sana kwa mieloma na kwa limfoma nyingine. Hudungwa sindano siku kadhaa, ili seli shina zitoke mifupani na kuingia katika damu. Kisha damu hupitishwa katika mashine, mashine huzichuja seli zile, na damu iliyobaki hurudishwa mwilini. Seli hugandishwa kwa baridi kali mno, zikangoja. Mgonjwa hupewa dawa kali, na baada ya hapo seli zake hurudishwa kwa mshipa kama mtu anayetiwa damu. Njia ya pili, mbegu hutoka kwa mtu mwingine ambaye alama za chembe zake zapatana na za mgonjwa. Hii hutumika sana kwa lukemia, kwa kuwa chembe nyeupe mpya za yule mtoaji huweza kuitambua saratani iliyosalia na kupigana nayo.

Wengi hudhani kwamba mgonjwa hupasuliwa mifupa. Sivyo. Mbegu huingia kwa mshipa, nazo husafiri katika damu mpaka mifupani, zikakaa mahali pake na kuanza kazi. Lakini kazi hiyo huchukua wiki mbili au tatu, pengine na zaidi, na katika siku hizo mgonjwa ni kama mji usio na askari. Nywele humtoka, kinywa hufanya vidonda, chakula hakina ladha, homa humjia, na ugonjwa mdogo, kama mafua ya mtoto, waweza kumwua. Kwa hiyo hukaa peke yake katika chumba, na waingiao hunawa mikono na kujifunika kinywa. Madaktari huiita siku ya kutiwa mbegu siku ya sifuri, wakahesabu kutoka hapo, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama mama ahesabuvyo siku za mtoto mchanga. Hata chanjo za utotoni hurudiwa baadaye, maana kinga yake ya kale imekwisha kupotea.

Hekima hii haikupatikana kwa siku moja. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani alitangaza mwaka 1957 habari za wagonjwa sita waliotiwa uboho wa watu wengine. Katika hao sita hakuna aliyeishi zaidi ya siku 100. Wengine wangaliiacha kazi hiyo, lakini yeye na mkewe Dottie, aliyefanya kazi naye miaka yote, hawakuacha. Katika mwaka 1990 Daktari Thomas alipewa Tuzo ya Nobel, na alipofariki mwezi wa Oktoba 2012 watu walioishi kwa ajili ya kazi yake walikuwa wametapakaa duniani kote. Mwisho wa mwaka ule ule ilihesabiwa kwamba kazi hiyo imekwisha kufanywa mara milioni moja katika ulimwengu. Wale sita wa kwanza hawakuiona siku hiyo, walakini njia ilianza nao.

Habari za Bibi Robin Roberts

Bibi Robin Roberts ni mwanamke Mweusi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1960 huko Tuskegee, Alabama, akalelewa Mississippi katika nyumba ya Kikristo. Baba yake alikuwa mwanahewa wa jeshi, na mama yake, Bibi Lucimarian, alikuwa mtu wa Kanisa aliyependa mno nyimbo za sifa. Robin alikuwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi cha televisheni kiitwacho Good Morning America, na watu wengi mno walimjua kwa uso.

Mwaka 2007 alipatwa na saratani ya titi, akapasuliwa, akatiwa dawa kali, akapona. Lakini baada ya miaka mitano uboho wake ukaanza kuharibika. Madaktari wakamwambia kwamba ana ugonjwa wa uboho uitwao mielodisplasia, na kwamba umetokana na dawa zile zile zilizomponya mara ya kwanza. Fikirini, ndugu zetu, jaribu hilo lilivyo zito. Mtu ameshukuru kanisani kwa kuponywa, kisha huko kuponywa kwenyewe kumezaa ugonjwa mwingine. Mwezi wa Juni 2012 aliwatangazia watu wote habari hiyo, asiifiche.

Robin ni kitinda mimba katika watoto wanne. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana bahati moja katika nne ya kupatana kabisa na mgonjwa. Dada yake, Bibi Sally-Ann, alipimwa akaonekana kuwa apatana naye, akakubali kutoa seli zake. Neno hilo ni kubwa kuliko lionekanavyo. Watu Weusi huko Marekani wana shida zaidi ya Wazungu kumpata mtoaji asiye wa ukoo wao, kwa sababu alama za chembe zao ni za namna nyingi sana, na walioandikishwa kuwa watoaji ni wachache. Robin alijua ya kwamba wako wengi kama yeye wasio na Sally-Ann, na kwa hiyo akawasihi watu waende kuandikishwa, na wengi wakaenda.

Hata ilipofika tarehe 30 Agosti 2012, siku chache kabla ya kuingia hospitali, aliiacha kazi yake mapema akasafiri haraka kwenda Mississippi, maana mama yake alikuwa mgonjwa sana. Akamkuta yu hai, na siku ile ile mama akafariki, umri wake miaka 88. Binti huyo akamzika mama yake, akarudi New York kulazwa katika hospitali ya saratani iitwayo Memorial Sloan Kettering. Akapewa zile dawa kali, na tarehe 20 Septemba akatiwa seli za dada yake. Alikaa hospitalini karibu mwezi, kisha nyumbani miezi mingine akijitenga na watu. Tarehe 20 Februari 2013, miezi mitano kamili, alirudi kazini. Amesema mbele ya watu mara nyingi kwamba sala, zake na za wengine, ndizo zilizomshikilia.

Wapenzi wasomaji, tazameni vema habari hii. Katika nyumba moja, katika majira yale yale, waliombewa wawili, mama na binti. Binti alipewa uzima, na mama akaitwa. Nani atathubutu kusema kwamba mama huyo hakuwa na imani, naye ndiye aliyemfundisha binti kuomba? Mwenye kuhesabu imani kwa kupona kwa mwili, na alijibu hilo.

Swali la kwanza: Je, kwenda kwa daktari ni kukosa imani?

Twajibu, hapana. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimletea neno la Mungu kwamba ataongezewa miaka kumi na mitano. Ahadi ilikuwa imekwisha tolewa. Walakini nabii yule yule aliagiza bonge la tini liwekwe juu ya jipu, na mfalme akapona. Isaya hakuona haya kuishika ahadi kwa mkono mmoja na dawa kwa mkono wa pili. Luka naye alikuwa tabibu, na hatusomi kwamba Mtume Paulo alimwambia auache utabibu wake. Wengine hutuletea habari ya Mfalme Asa, aliyelaumiwa kwa sababu ya matabibu. Someni tena polepole. Kosa la Asa ni kwamba alimwacha Mungu asimtafute. Hakulaumiwa kwa kuwa alitibiwa.

Twanena haya kwa uchungu, maana tumeliona kwa macho yetu. Katika ushirika wa jirani alikuwako mama mmoja, mwenye kuimba vizuri, aliyepatwa na mieloma. Dawa zilimsaidia, maumivu ya mgongo yakapungua, na madaktari wakaanza kunena habari ya kumpandikiza. Akaja mhubiri mpitaji, akamwekea mikono, akamwambia kwamba amekwisha kupona na kwamba kumeza vidonge ni kumfanya Mungu mwongo. Mama akavitupa. Miezi ikapita akiwa na furaha. Kisha mifupa ya mgongo ikavunjika yenyewe, figo zikachoka, na alipochukuliwa tena hospitali hakukuwa na mwili wa kuhimili dawa yoyote. Tulimzika, ameacha watoto watatu. Mhubiri hakuja mazikoni. Enyi waalimu, jihadharini sana na neno hili. Ombeni bila kukoma, wala msimwambie mgonjwa yeyote aache dawa. Kama Mungu amemponya, vipimo vya daktari havitaweza kulificha jambo hilo.

Swali la pili: Je, ni vema kutoa uboho wako, na kupokea wa mwingine?

Wako waogopao kutoa, wakidhani nguvu zao zitakwisha au hawatazaa. Yatupasa kuwaambia kweli. Mtoaji aweza kuumwa mifupa siku za sindano, au kusikia maumivu ya kiuno kama uboho umevutwa katika nyonga, na daktari hana budi kumpima kwanza kama ana afya ya kutosha. Lakini seli zilizotolewa huzaliwa tena, kama mgomba ulioondolewa chipukizi. Wala isiwe kwa kulazimishwa, maana zawadi iliyoporwa si zawadi. Ndugu akikataa kwa hofu, msimtenge wala msimsengenye. Siku hizi wazazi na watoto pia waweza kutoa, hata wakipatana nusu tu, kwa ufundi ulioendelezwa huko Baltimore, Marekani.

Wako pia waogopao kupokea, wakiuliza, "Nitakuwa mtu mwingine?" Ni kweli kwamba damu ya mgonjwa hugeuka kuwa ya namna ya mtoaji, hata kundi la damu laweza kubadilika. Lakini akili ni yake, ukoo ni wake, na jina alilobatizwa ni lake. Sisi ambao kila juma twakiri kwamba tu hai kwa damu ya Mwingine, tusishangae mno ndugu akiishi kwa damu ya nduguye.

Jambo moja lisifichwe katika ndoa: dawa hizo kali mara nyingi huondoa uwezo wa kuzaa. Vijana wamwulize daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa pengine iko njia ya kuhifadhi. Na mume asije akamwacha mkewe kwa sababu hiyo, wala mke mumewe. Kiapo cha ndoa kilitaja ugonjwa waziwazi.

Swali la tatu: Na kama haponi?

Hapa hatutawadanganya. Wengine hupona kabisa, wengine hupata miaka kadhaa kisha ugonjwa hurudi, na wengine hufa katika matibabu yenyewe. Kwa mieloma, mara nyingi kupandikizwa huongeza muda, lakini hakuung'oi ugonjwa moja kwa moja. Hata Hezekia aliongezewa miaka yenye hesabu. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, nao haukuondolewa. Alipewa neema ya kuuchukua. Na Bwana wetu mwenyewe huko bustanini aliomba kikombe kimwepuke, nacho hakikumwepuka. Mgonjwa akilia usiku na kusema kwamba Mungu amemwacha, msimkemee. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo, nazo zimo katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Imani si kutolia. Imani ni kujua utalia kwa nani.

Kazi ya nyumba na ya ushirika

Nanyi mnaobaki nyumbani, iko kazi yenu. Yule mwenye kupooza hakuweza kutembea hata hatua moja. Rafiki zake wanne walimchukua, wakalitoboa dari. Basi ushirika wenye mgonjwa wa namna hii na ufanye haya:

Kwanza, asiende mtu kumwona akiwa na mafua, kikohozi au homa, hata akiwa mzee wa kanisa. Kukaa mbali siku hizo ni upendo. Andikeni barua fupi, au mpigeni simu, mkamwombee mkiwa mlangoni.

Pili, msimpelekee chakula ila mmeuliza kwanza. Vitu vibichi na vyakula vilivyolala vyaweza kumdhuru.

Tatu, habari ya Meza ya Bwana, kasisi na azungumze na daktari. Mgonjwa asiye na kinga asinywe katika kikombe cha watu wote mpaka aruhusiwe, wala asione kwamba amepungukiwa na Bwana kwa ajili hiyo.

Nne, mkumbukeni amwuguzaye. Mume au mama akaaye kando ya kitanda wiki nyingi huchoka hata asiweze kuomba. Mlimieni shamba, wapelekeni watoto wake shule, mteke maji.

Tano, changeni fedha mapema, na hesabu iandikwe wazi. Miaka mingi wagonjwa wetu hawakuwa na njia ila kusafiri India kwa gharama kubwa. Katika miaka hii ya 2020 hospitali ya Muhimbili huko Dar es Salaam, na ya Benjamin Mkapa huko Dodoma, zimeanza kazi ya kupandikiza uboho, na Dodoma wako watoto wenye ugonjwa wa selimundu waliotibiwa hivyo. Ni jambo la kumshukuru Mungu, ingawa gharama bado ni mzigo kwa nyumba nyingi.

Sita, msikawie. Mtu mwenye maumivu ya mifupa yasiyokwisha, au upungufu wa damu urudio mara kwa mara, au uvimbe wa tezi usiopungua, au homa na kutokwa damu bila sababu, na apimwe damu. Huenda ni jambo dogo. Lakini saratani ikijulikana mapema, madaktari huwa na nafasi zaidi.

Tena twawaomba waalimu wasome habari hii kwa sauti mbele ya wale wasiojua kusoma, na katika sala za jioni wawataje wagonjwa wa saratani, na madaktari na wauguzi wao, na watoao uboho wao kwa ajili ya wengine. Wagonjwa walio katika vyumba vile, wakihesabu siku zao, hawasikii kuimba kwetu. Lakini twajua ni nani akaaye nao humo ndani, ambaye hakuna mlango wala daktari amwezaye kumzuia asiingie.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote, na na wote walio vitandani mwao.